Skrubu za Kuyeyuka Mguuni Mwangu

Mguu huu ni wangu, na nilisema hivyo mbele ya wazee wote wa boma.

Nilianguka sokoni Kibuye, kwenye matope kati ya vibanda, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Ndio huo unaokanyaga cherehani yangu. Bila huo mimi si fundi tena.

Daktari aliniwekea skrubu mbili za magnesiamu. Chuma hicho huyeyuka polepole mwilini huku mfupa unashika, kwa hiyo hakuna kupasuliwa mara ya pili kukitoa. Nilikubali palepale.

Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, hakukubali. Yeye aliwahi kuvunjika paja, na bamba la chuma lililotolewa humo analo hadi leo kwenye mkebe wa majani ya chai. Mgeni akija, hata kikombe hajamaliza, mkebe unafunguliwa. Kwake, chuma cha kweli hurudi nyumbani kikaonwa na watu.

Baada ya wiki sita, eksirei ilionyesha kivuli cheusi kando ya skrubu. Daktari akasema ni gesi tu, hutoka skrubu ikiyeyuka, itaisha. Kosa langu ni kupeleka ile picha nyumbani. Shemeji aliiinua dirishani, akaita wazee, akaniambia mbele yao:

“Mama, huo mguu unaoza. Unapasuliwa tena, uwekewe chuma cha kawaida. Tumeshaamua.”

“Mmeamua na mguu wa nani?”

“Wewe ni mke wa boma hili.”

“Yawa! Mume wangu mlimzika, mguu wangu bado hamjauzika. Haupasuliwi!”

Wakaguna kwamba nina kichwa kigumu. Nikawaambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nikachukua magongo yangu nikatoka.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kwa daktari. Shemeji alikuja bila kualikwa. Kwenye picha mpya kivuli hakikuwepo, skrubu zilikuwa zimefifia, mfupa umeshika. Magongo basi, daktari akasema.

“Sasa vile vyuma tunapewa lini?” shemeji akauliza, mkono ameshaunyoosha.

Nikamwekea magongo mkononi. Nikakanyaga sakafu, mguu wa kulia kwanza. Ulinibeba. Hapo nikalia mbele yake kama mtoto, kwa sababu miezi yote ile ya kuwajibu kwa jeuri, kila asubuhi nilikuwa nainama kuunusa mguu wangu, nijue kama unaoza.