Adabu ya Kutazama Pembeni

Mariam Poni wa Kuluba alisifiwa adabu maisha yake yote na, maskini ya Mungu, hakuwa na adabu kuwashinda wenzake. Alikuwa haoni. Haya, tuseme alikuwa anaona, ila pembeni tu. Chochote alichokikazia macho kiliingia ukungu katikati. Akimtazama mtu usoni, uso unayeyuka, yanabaki masikio na kilemba. Basi akajizoesha kutazama kando, na ule uso unamjia wenyewe kwenye kona ya jicho, polepole, kama watu wanavyotujia ndotoni.

Sasa, huko kwao mke mgeni hawatazami wakwe usoni. Alipoolewa na Lomoro, wakiwa wakimbizi upande wa Zaire baada ya vita vya sabini na tisa, mama mkwe alipiga vigelegele.

"Huyu binti iko na heshima! Hata siku moja hajanikodolea macho!"

Mariam akaipokea. Sifa ya bure nani anaikataa?

Lakini moyoni alijua ukungu ule umetoka wapi. Baba yake, Kamisi, askari wa zamani, alikuwa akiinamisha shingo upande kama kuku anayemchungulia mwewe, mpaka kambini wakamtania wee, wakachoka. Alikufa akipapasa. Kwa hiyo Mariam alipomzaa Afisa, binti yake wa pekee, alikuwa na ombi moja tu kila aliposwali: Ya Rabi, huu ukungu ukome kwangu.

Waliporudi kwao Koboko alikuwa akimpima mtoto kimyakimya. Anajikwaa? Hajikwai. Ukimrushia chungwa, analidaka. Gizani anatembea kama yuko mchana. Mwalimu alilalamika kwamba anavivia kusoma, lakini jamani, mtoto gani havivii kusoma? Na majirani nao: "Afisa iko na adabu kama mama yake, hata hatazami wakubwa." Mariam akafurahi kweli. Macho ya mwanawe yanaelekea wapi, yeye mwenyewe hakuweza kujua, maana kila alipomtazama machoni, ndipo hapo ukungu ulipokaa.

Mwaka wa tisini na moja habari zikafika sokoni kwamba mjini Arua wamekuja madaktari wageni wenye kamera ya kupiga picha ndani ya jicho. Mariam hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alimchukua Afisa wa kumwongoza, wakapanda lori la tumbaku, wakafika wamejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Nesi Ayikoru, mama mcheshi aliyekuwa akiwatafsiria wageni, alimtia dawa ya matone ya kufungua mboni. Dunia ikawa nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Wakamkalisha, kidevu juu ya chuma baridi. Mwanga ukapiga! Mariam akaona mwezi wa kijani ukielea chumbani, ukapita ukutani, ukapita juu ya kichwa cha daktari, ukazama taratibu. Akatamani uendelee kuelea hivyohivyo.

Picha ilitoka palepale, duara jekundu la ndani ya jicho lake. Daktari akaeleza, Ayikoru akatafsiri: nyuma ya jicho kuna chembe ndogo sana zinazopokea mwanga. Zake za katikati zimechakaa, na pale pana doa la kijivujivu, kama mahali kuku walipoogea mavumbi kwenye uwanja uliofagiliwa. Miwani haitasaidia. Na ugonjwa wenyewe unatembea ndani ya ukoo.

Mariam akaishika picha, kwa pupa akaikazia macho katikati. "Mbona silioni doa?"

"Utalionaje, mama? Doa la jicho lako ndilo linalolifunika," Ayikoru akacheka, akampa Afisa ile picha. "Haya, mwambie mama yako pale katikati kuna nini."

Afisa akaiangalia sana.

"Hakuna kitu," akasema. "Iko nyekundu tu. Safi kabisa."

"Alhamdulillahi!" Mariam akaruka. "Mumesikia? Iko safi!"

Ayikoru hakucheka tena. Daktari akavuta kile kiti taratibu, akasema neno moja la upole, na nesi akalitafsiri bila kumtazama mtu.

"Sasa mtoto akae hapa."

Hapo Mariam akaelewa. Akakaa chini sakafuni.

Jioni walingoja lori kando ya barabara, mboni zao bado zimefunguka, mwanga ukiwachoma wote wawili. Wakajifunika leso moja. Magari yalipita kama vivuli, na sauti za watu zilikuja kutoka mbali sana.

"Mama, usilie."

"Nani kakwambia nalia?"

"Si nakuona."

"Unanionaje?"

"Naangalia sikio lako, halafu uso unakuja."

Mariam akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu zamani. Si hata wewe unaniangalia hivyo? Nilidhani ndivyo mtu anavyomwangalia mama yake."

Mariam akamshika kidevu, akakisukuma pembeni kidogo, naye akageuza uso wake upande mwingine, mpaka mtoto akamjia mzima, macho, pua, na tabasamu lenye pengo.

Muuza karanga aliyekuwa akipita akasimama. "Nyinyi, mbona kila mutu anatazama kwake? Mumegombana?"

"Hapana, dada," Mariam akasema. "Tunaangaliana."