Wanja Niliojipaka Utosini

Nikikwambia kwamba mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, fundi wa nguo ninayepima kila kitu mara mbili kabla ya kutia mkasi, niliwahi kuketi mbele ya wakwe zangu huku maji meusi yakinichuruzika kutoka utosini hadi kifuani, utacheka, na nakuruhusu ucheke sasa hivi, kwa sababu huko mbele sidhani utaweza.

Nianze na nywele zenyewe. Zimenikimbia mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mbili, miezi mitatu baada ya kumzaa binti yangu Dama. Zilitoka kwa mafungu kwenye kitana, panja zikabaki wazi, mama yangu akasema mtoto akianza kucheka nywele za mamake huanguka (hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake yote), na kabla Dama hajatimiza mwaka zilikuwa zimerudi. Mara ya pili nilikuwa nimeacha sindano za kupanga uzazi. Zilipungua kidogo, zikarudi. Mara ya tatu ilikuja nilipofika arobaini na sita, hedhi ilipoanza kuruka miezi, na safari hii hazikuanguka kwa mafungu. Zilikonda moja moja, kimyakimya, kuanzia utosini, na hazikurudi.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini nina vitabu vya biolojia vilivyoachwa na watu waliomaliza shule, na humo ndimo nilimosoma kwamba wakati wa mimba homoni huzizuia nywele zisianguke kwa zamu yake, mtoto akishatoka zile zilizochelewa huondoka kwa pamoja, kisha kichwa hujipanga upya. Na kwamba hedhi inapokoma homoni hushuka, na hazipandi tena. Kliniki walinipima damu wakasema sina ugonjwa. Basi kila Jumapili nikawa napima njia ya nywele kwa tepu yangu ya kazi na kuandika kwenye daftari. Ilianza milimita tatu. Mwaka huu ilikuwa sentimita mbili na nusu, na hapo si njia tena, ni uwanja. Tulikuwa tunayajua hayo watatu tu: mimi, daftari na kilemba changu.

Sasa, mimi naishi Ganda, na Dama ameolewa Vitengeni na kijana anayeitwa Katana, na mtoto wao alipofika miezi minne akanipigia simu akilia.

"Mama, nywele zangu zinaisha. Na ninajua ni nani."

"Ni nani nini?"

"Hawe Kadzo. Yeye ndiye hunichana. Nywele zikianguka haziachi chini, anaziokota zote mpaka ya mwisho."

Hawe ni bibi, na Hawe Kadzo ni bibi yake Katana, amemlea tangu alipofiwa na mamake. Nywele anaziokota ili azizike, asije mtu mbaya akazichukua. Ndivyo alivyofundishwa yeye na ndivyo alivyofundishwa mama yangu. Lakini kwetu mzee mwenye mvi akishatajwa kwa jambo kama hilo, kesho hutajwa kwa kuku aliyekufa, keshokutwa kwa mtoto mwenye homa, halafu vijana huanza kunong'onezana, na mzee huyo hana tena usingizi katika nyumba yake. Nikamwambia Dama asimwambie mtu. Kumbe alikwisha kumwambia Mbeyu, shangazi yake Katana, ambaye ukimwambia jambo huna haja ya kwenda kulitangaza sokoni.

"Ni homoni za uzazi," nikasema. "Hata mimi zilianguka nilipokuzaa, zikarudi."

"Kweli zilirudi?"

"Zilirudi."

"Basi njoo Jumamosi, uje kichwa wazi, waone."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, mwanangu, zile zilirudi lakini hizi za sasa zimekwenda kwa sababu nyingine, nitakueleza. Nilisema, "Naja." Neno moja tu, na yote yaliyofuata nilijishonea mwenyewe kwa uzi wa neno hilo.

Wigi nililikataa, Dama angelitambua toka mlangoni. Nikachukua wanja wa unga na kuukoroga na kanji ya muhogo, ile ninayotilia kola za sare za shule zisimame, nikajipaka kwenye ule uwanja kwa mswaki, nikazilaza nywele zilizobaki juu yake. Mafuta sikutia, kwa sababu mafuta hung'aa juani. Kisha nikafanya majaribio. Upepo: nilisimama uani nusu saa, haukupeperuka. Jua: haukupasuka. Jasho: nilipiga pasi ya makaa sare kumi na mbili, nikajigusagusa na kitambaa, ukashika. Niliandika yote kwenye daftari, na mbele ya kila moja nikatia alama ya vema. (Fundi wa nguo kwa miaka ishirini na sita, na haikunipitia akilini kwamba kanji huyeyuka kwa maji.)

Jumamosi tulikaa uani kwa akina Katana, watu wapata ishirini, wengi wao wamekuja kwa sababu ya Mbeyu. Hawe Kadzo alikuwa mkekani, mdogo kama mtoto, leso kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akanishika mkono akakataa kuuachia. Nilimpakata mjukuu wangu, nikafungua daftari, nikaeleza polepole mimba inavyofanya na uzazi unavyofanya, kisha nikainamisha kichwa na kusema, "Zangu zilianguka hivyohivyo kwa Dama. Haya, tazameni."

Walitazama. Mbeyu mwenyewe aliinuka akaja akanizunguka.

"Ni zako hizi, mama Dama? Si za dukani?"

"Vuta moja."

Akavuta moja (nilikuwa nazo za kutosha pembeni), nikasema "aii", watu wakacheka, na Dama akacheka, na nikamwona Dama akimtazama Hawe Kadzo kwa jicho la aibu, jicho la mtu anayetaka kuomba radhi. Ilikuwa imekwisha. Ningeaga wakati ule, ningekuwa nimeshinda.

Lakini Hawe Kadzo alifurahi. Mzee wa kwetu akifurahi hashukuru kwa mdomo mtupu. Hubariki, na baraka ni maji. Akaagiza kata ya maji, akanywa funda, akasema maneno yake, akampulizia mtoto. Akampulizia Dama. Hilo nilikuwa nimelitarajia na nimeliandika: baraka, mama na mtoto. Kisha akanigeukia mimi.

"Na huyu aliyemzaa aliyemzaa," akasema, "aliyetoka Ganda kuja kulisafisha jina langu, yeye nisimbariki?"

Hakupuliza. Alinimiminia maji yote yaliyobaki katikati ya kichwa, akanisugua kwa kiganja, kwa upendo, kama mtu anayemwogesha bintiye.

Alipoinua mkono, kiganja kilikuwa cheusi tititi.

Nilihisi maji yakishuka kwenye paji la uso, kwenye pua, nikayaona yakidondokea shuka ya mtoto. Kisha Mbeyu:

"Jamani! Amemgusa mara moja tu! Mara moja, na kichwa kimekuwa kitupu!"

Hapa ndipo penye aibu yangu, si pale penye maji. Nilikuwa na neno moja la kusema, "wanja", na nilikuwa na muda wa kulisema. Badala yake mikono yangu ilikimbilia leso niliyojitanda mabegani. Nilijifunika kwanza. Nilijifunga vizuri, nikaingiza ncha ndani, na nilipoinua uso kusema, Dama alikwisha kuninyakulia mtoto na watu walikwisha kusimama.

"Ni wanja!" nikasema. "Nilijipaka mwenyewe! Bibi hana kosa!"

"Msikieni," akasema Mbeyu. "Mpaka ulimi ameshikwa."

"Dama, mwanangu, ni wanja na kanji."

"Uliniambia zilirudi."

"Zilirudi!"

"Ziko wapi?"

Jibu lake ni refu, na hakuna aliyekaa kulisikiliza. Wakatoka wote, Katana akimfuata mkewe, na uani tukabaki wawili, mimi na Hawe Kadzo na kata yake tupu. Alikuwa anakitazama kiganja chake. Nikapiga magoti nikakifuta kwa ncha ya leso yangu, kidole kimoja kimoja.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema. Akageuka kuhakikisha hakuna mtu, akainua leso yake kidogo, na chini yake kichwa kilikuwa laini kama kifuu kilichosuguliwa. "Zangu zilikwenda nikiwa kama wewe. Unadhani zilichukuliwa na nani?"

"Bibi, kwa nini hukuwaonyesha?"

"Mbele ya wajukuu zangu wanaume?" Akaishusha leso. "Nawe mbona hukuwaonyesha?"

Dama alirudi nami Ganda siku ileile na mtoto. Baada ya wiki mbili Katana alimhamisha bibi yake akampeleka Bofa, kwenye chumba kimoja anachopanga karibu na hoteli anayofanyia kazi, kwa sababu kulikuwa na watu waliopita nyuma ya nyumba yake Vitengeni na kusema mambo. Nimemtembelea mara tatu. Anauliza kama mihogo yake ilivunwa, na mimi namwambia ndiyo. Haikuvunwa.

Nywele za Dama zilirudi. Mtoto alipotimiza mwaka zilikuwa zimejaa panja zote mbili, kama kitabu kilivyosema, kama nilivyosema mimi, na kila anayeziona husema, unaona, alipomkimbia yule bibi zikaota. Dama mwenyewe husema hivyo. Nikimfungulia daftari huniambia, "Mama, wewe na daftari lako," na sina la kumlaumu.

Siku hizi nashona kichwa wazi pale dukani. Mteja akitazama, namwonyesha, na akitaka namwachia tepu apime mwenyewe. Sasa ni sentimita tatu. Niliapa sitajifunika tena kwa ajili ya mtu yeyote, na kiapo nimekishika. Isipokuwa nikienda Bofa. Hawe Kadzo hapendi nipigwe na jua, hunifunga leso kwa mikono yake miwili, na mimi huinama nikatulia mpaka amalize.