Mume wangu alinitembeza mji usiku, kilio hadi kilio

...na hapana, admin wa ukurasa huu, sikunyamaza kwa sababu ya raha za ndoa kama ulivyonitania jana. Bado nampenda mume wangu, nampenda sana. Lakini siku hizi nikimwona anakula, kichefuchefu kinanipanda. Weka kisa changu, ficha jina.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, nimeolewa juzi juzi hapa Kisangani. Nilikulia ng'ambo ya mto, Lubunga. Msichana wa kwetu huvuka kuja sokoni na kurudi kabla ya giza, kwa hiyo mji huu wa usiku niliujua kama taa tu zinazotetemeka juu ya maji. Mume wangu ni fundi wa simu. Wakati wa uchumba aliniambia, "Chérie, mpenzi, ukiwa bibi yangu nitakuonyesha kila taa kwa karibu." Jamani! Nani angekataa?

Na kweli alinionyesha. Kila Jumamosi giza likiingia tulipanda pikipiki ya rafiki yake, mimi nimemkumbatia mgongoni, upepo unanukia samaki wa kuchoma. Tulisimama kwenye daraja la Tshopo kusikiliza maporomoko, tukazunguka katikati ya mji kutazama maduka yenye taa. Nilijiona malkia. Na kila matembezi yaliishia kwenye msiba. "Ni jamaa yangu, tupite tutoe pole," alisema. Tulikaa, tukaimba na watu, tukapewa wali na nyama. Nilijivuna: mume wangu ana moyo gani huyu, mji mzima ni ndugu zake!

Jumamosi iliyopita ndipo macho yangu yalifunguka. Tulipofika mtaa wa Mangobo alipunguza mwendo kila kona, anachungulia. Alikuwa anatafuta matawi ya mchikichi, yale tunayosimamisha barabarani kuonyesha kwamba hapa kuna kilio. Alipoyaona akatabasamu. Mlangoni akainamia picha ya marehemu, akasoma jina polepole, kisha akaingia akipiga yowe: "Yaya Béa! Dada yangu mkubwa, umetuacha na nani?"

Nikamnong'oneza, "Unamujua?"

Akanifinya. "Nyamaza, chérie. Hapa wamechinja mbuzi."

Alikula. Mafuta yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, akayafuta kwa leso ileile aliyotoka kulilia. Akaomba sahani ya pili. Nilitazama kidevu kile ninachokibusu kila asubuhi, nikageuza uso nisione.

Kisha mama wa marehemu akaja kutushukuru, kitenge kimefungwa kiunoni, macho yamevimba. "Batoto yangu, mulimujua Béa wapi? Alienda Kinshasa miaka mingi, sikumuona tena mpaka leo wamenirudishia sanduku."

Mume wangu, mdomo umejaa, akanisukuma bega. "Bibi yangu ndiye alikuwa rafiki yake kule, mama. Walikuwa wanakula sahani moja."

Mimi sijafika Kinshasa hata siku moja.

Mama yule akanishika uso kwa mikono miwili. "Alors ni wewe Mungu amenitumia. Leo iko watu wengi. Urudi, unielezee. Alikuwa anacheka bado? Alikuwa anakula muzuri? Usiniache hivi, mutoto yangu." Nikasema ndiyo, nitarudi. Ningesema nini, jeneza liko mbele yetu?

Njiani nilitapika. Yeye akacheka. "Si ulitaka kuona mji? Wenye pesa wanaenda hoteli, sisi tunaenda kilio. Marehemu hali chakula tena, donc ubaya uko wapi?" Halafu akaniita malaika wake, akanifunika koti lake nisipate baridi. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Mkono uleule wa mapenzi, na koti linanuka mbuzi.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi wenye watoto mbali, nisaidieni mawazo. Nimwambie mama yule ukweli nimuumize mara ya pili, au nimtungie Béa anayecheka na kula vizuri? Na mume wangu nimburute akaombe msamaha, au niende peke yangu? Ila msiniambie nisiende. Mama yule anahesabu kwamba yupo mtu mmoja mjini humu aliyemjua binti yake. Kabla mwezi huu haujaisha nitabisha hodi mlangoni kwake.