Gumba la Muuza Visu

Meza yake ina upana wa mlango mmoja, na imetandikwa kipande cha turubai jeusi ili visu visiteleze. Juu yake hupangwa visu vya kukunja thelathini, arobaini vikizidi sana. Wanaovinunua ni watu wa porini: waongoza wawindaji, wapishi wa kambi, walinzi wa misitu, na mara mojamoja mwalimu anayepeleka wanafunzi kulala kwenye mahema. Karibu wote huulizia kitu kilekile, kisu kitakachodumu, kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo ataimudu bila kugombana na mkewe.

Sokoni wanamwita Mzee Gumba. Jina alipewa na jirani yake wa meza, muuza kamba, kwa sababu ya namna anavyopima kisu. Hakitazami. Hukifungua, hufumba macho, huweka kidole gumba pale bapa linapoungana na mpini, kisha hugonga mgongo wa bapa mara tatu kwenye ukingo wa meza. Anachotafuta ni kutikisika kidogo kwa bapa kwenye pini yake, kule ambako jicho halikuoni. Kinachotikisika hata kwa unene wa unywele hukitupa kwenye ndoo chini ya meza, kiende kwa wanunua vyuma chakavu. Katika boksi la visu kumi na viwili, vitatu huishia ndooni. Muuza kamba humtania kwamba ana biashara mbili, moja ya visu na nyingine ya hasara.

Kabla ya meza hii alichuna wanyama miaka kumi na moja katika kambi ya wawindaji, mpaka mgongo ulipokataa kuinama. Ushauri anaowapa wateja umetoka huko. Mpini wa pembe iliyong'arishwa ni wa kupigia picha. Ukishapata mafuta na damu unateleza kama sabuni, chukua wenye mikwaruzo. Bapa lisizidi urefu wa kiganja. Chuma kiwe kile kinachokubali jiwe la kawaida la kunolea, maana porini hutapata jingine, na kama kinashika kutu kidogo, kipanguse kwa mafuta ya kupikia, hakitakufa. Lakini kabla ya hayo yote kuna loki, kile kipande cha chuma kinacholishikilia bapa likishafunguka lisijikunje. Hapo ndipo anapotumia gumba lake. Watu humwachia achague, hulipa na kuondoka bila hata kukifungua.

Ganzi ilianza miguuni, miaka miwili iliyopita. Zahanati walimwambia ni sukari, wakampa vidonge na orodha ya vyakula vya kuacha. Mwaka huu, mvua zilipoanza, ilipanda mikononi. Mkewe, ambaye hushona nguo sebuleni kwao, ndiye aliyeiona kwanza. Siku moja mzee aliipua sufuria kwa mikono mitupu na kusimama nayo katikati ya chumba, akiulizia chumvi. Mkewe alisema, "Mzee, hiyo sufuria inachemka." Akaitua taratibu, kama mtu aliyekuwa na mpango wa kuitua. Ngozi ya vidole ilichubuka siku ya pili. Alimwomba mkewe wasiliongelee jambo hilo nje ya nyumba.

Mezani aliendelea kufumba macho na kugonga mara tatu. Ila sasa alikuwa anasikiliza. Alijiambia kwamba loki nzuri hulia mlio mmoja mfupi na mbovu hulia kama miwili iliyobanana, na kwamba sikio la mtu aliyeshika visu zaidi ya miaka thelathini linatosha. Kwa miezi mitano kilichokwenda ndooni kilikuwa kidogo. Muuza kamba alimpongeza kwamba siku hizi kiwanda kimejirekebisha.

Jumanne moja asubuhi alikuja mwanamke aliyevaa sare ya wafagiaji wa hospitali. Mzee alimtambua, ni Mama Pacha, mke wa mwongoza wawindaji ambaye wenzake humwita Mrefu. Alisalimia kwa adabu, akafungua kitambaa na kuweka mezani kisu chenye mpini wa kijivu. Mzee alikikumbuka. Alimchagulia Mrefu miezi minne nyuma.

Mama Pacha alieleza kwa sauti ya chini, kama anayesema aibu ya nyumbani kwake. Mumewe alikuwa anachuna swala, kisu kikajikunja mkononi na kukata kano za vidole viwili vya mkono wa kulia. Vidole vimepona, lakini havikunjiki. Msimamizi wa kambi ameandika kwamba ni uzembe wa mfanyakazi, na Mrefu mwenyewe ametia sahihi. Amesema lazima yeye ndiye aliyebonyeza loki bila kujua, kwa sababu kisu kilichopita kwa Mzee Gumba hakiwezi kuwa na kosa. Tangu hapo haongei. Akiongea, ni kujitukana. Juzi ameanza kuzungumzia kujifunza kuchuna kwa mkono wa kushoto, akatafute kambi nyingine. Kwa hiyo mkewe amekuja kumtafutia kisu cha kumfaa mtu wa kushoto, cha bei ileile.

"Nichagulie wewe, baba," alisema. "Mimi sijui hata pa kushika."

Mzee hakugusa visu vipya. Alikichukua kile cha kijivu, akakifungua, akafumba macho, akaweka gumba. Akakibonyeza, akakibonyeza tena kwa nguvu zaidi. Muuza kamba akauliza kama leo gumba limeomba ruhusa. Mzee hakucheka. Alimpelekea kisu kilekile na kumwambia aweke kidole chake pale, asitazame, aseme anasikia nini.

Muuza kamba, ambaye maisha yake yote amepima vitu kwa pima na dhiraa, aliweka kidole kwa sekunde moja.

"Kinacheza, mzee. Kinacheza kama jino la mtoto."

Mzee alikirudisha kisu mezani. Muuza kamba, alipoona uso wake, alimvuta pembeni na kumnong'oneza njia rahisi. Kisu kimeshatumika miezi minne, kimeanguka, kimepigwa kwenye mifupa, nani atajua kililegea lini? Mpe mama wa watu kingine bure, aende zake. Hilo lingeweza kuwa kweli. Lakini mzee alijua pini iliyolegezwa na kazi huacha mkwaruzo kwenye tundu lake, na alikuwa ameshaliinua bapa kwenye mwanga. Tundu lilikuwa safi. Lilitobolewa pana kiwandani.

Alirudi, akakaa kwenye kigoda, akamwambia Mama Pacha kwamba vidole vyake havina hisia tangu mvua zilipoanza, na kwamba siku alipokipitisha kile kisu hakuhisi chochote.

Mama Pacha alikikunja kile kitambaa. Kisha akauliza ni nani mwingine aliyelijua hilo. Akaambiwa, mke wake tu.

"Mume wangu hali chakula kwa sababu yako," alisema, bila kupandisha sauti. "Hayo maneno usiniambie mimi. Twende ukamwambie yeye."

Walikwenda kwa miguu. Mzee aliiacha meza kwa muuza kamba na kumwagiza asiuze hata kimoja.

Nyumba ya Mrefu ni vyumba viwili, na cha mbele kina kitanda, meza ya kulia chakula na viti vitatu visivyofanana. Mrefu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiazi katika mkono wa kulia uliokakamaa, kisu cha jikoni katika wa kushoto, akijaribu kumenya. Alisimama upesi kumvutia mgeni kiti, akaanza kumwomba radhi kwa kukiharibia jina kisu chake. Mzee alimwomba anyamaze kidogo.

Alimweleza yote akiwa amesimama. Mrefu alikataa kuamini. Alisema mzee anamhurumia tu, kwamba yeye anakumbuka vizuri, mkono wake ulikuwa umelowa, gumba lake liliteleza likagusa loki. Alieleza jinsi lilivyoteleza, kwa undani, kama mtu aliyelirudia tukio hilo mara nyingi mpaka likakaa sawa. Mzee akakifungua kisu cha kijivu na kumshikisha katika mkono wa kushoto. Akamwonyesha pa kuweka kidole. Kisha akamwomba agonge mgongo wa bapa kwenye ubao wa kitanda, taratibu, bila kugusa loki.

Mrefu aligonga mara moja. Mara ya pili bapa lilijikunja.

Alilitazama. Akalifungua, akagonga tena, na likajikunja tena.

"Kwa hiyo haukuwa mkono wangu."

"Haukuwa mkono wako."

Mrefu akakaa. Mzee alisema yuko tayari kwenda kambini kumweleza msimamizi, hata leo. Mrefu alimshukuru, lakini kazi imeshapata mtu, wiki iliyopita, kijana mwenye vidole vyake vyote. Kambi haitamfukuza huyo kwa ajili ya maelezo. Alilisema bila hasira, kama anayetaja bei. Jambo lililokuwa likimsumbua ni jingine. Mabinti zake walipomuuliza kwa nini baba haendi tena kazini, aliwajibu kwamba baba yao ni mzembe. Wameshaanza kuwaambia hivyo wenzao shuleni.

Akawaita. Waliingia kutoka uani, wana miaka minane, wamefanana kuanzia nywele hadi ndala, na mmoja ana chaki mkononi. Waliamkia. Mrefu akamwambia mzee, "Waambie na hawa."

Mama Pacha, aliyekuwa ameegemea mlango, hakumsaidia. Mzee aliketi ili alingane nao kimo, akaanza upya kwa maneno mafupi: kwamba kazi yake ni kuchunguza visu kwa kidole, kwamba kidole kiliugua, kwamba kisu cha baba yao kilikuwa kibovu tangu kiwandani na baba yao hakukosea kitu. Mwenye chaki aliuliza kama kidole kinamuuma. Mzee akasema hapana, hakimuumi kabisa, na ndio ugonjwa wenyewe.

Yule mwingine alikuwa akiutazama mkono wa baba yake.

"Sasa mbona hukusema?"

Mzee alijibu kwamba aliona aibu. Mtoto alisubiri, akidhani kuna maelezo zaidi. Hayakuwapo. Akapanda kitandani, akakaa upande wa kulia wa baba yake, akauchukua ule mkono na kuuweka mapajani mwake.