Vidole vya Mama Nukta

Miaka ishirini na miwili Mama Nukta, mwalimu asiyeona, alikuwa akiwafundisha watoto wasioona kusoma kwa vidole, na kukiri kosa kwake kulikuwa kama kumeza mfupa. Kwa hiyo nukta nundu zilipoanza kufifia chini ya vidole vyake, lawama zote akawatupia wanafunzi.

"Mnadonoa karatasi kama vifaranga! Kandamizeni!"

Wakaandika upya, maskini, mara tatu, mpaka karatasi zikatoboka. Bado hakuhisi kitu.

Siku aliyoshika sufuria ya moto bila kushtuka, wifi yake aliyeishi naye akamkamata mkono. "Wifi, karatasi hazina kosa. Twende hospitali."

Damu ilipopimwa, vitamini B12 ilikuwa chini kabisa.

"Haiwezekani," Mama Nukta akafoka. "Huyu ananilisha maini kila wiki, na vidonge vya vitamini nameza!"

Daktari aliuliza kuhusu kovu la tumboni. Zamani utumbo ulijisokota, madaktari wakakata kipande. Kipande cha wapi, yeye hakujua. Wifi ndiye aliyekumbuka: cha mwisho wa utumbo mwembamba.

"Basi ndipo penyewe," daktari akasema. "Vitamini hii haipokelewi popote tu. Husindikizwa na protini inayotoka tumboni mpaka sehemu ile ya mwisho, na ndipo inapoingia kwenye damu. Wewe sehemu hiyo huna. Hata ule maini ya ng'ombe kumi, karibu yote yatapita tu. Ulikuwa unatumia akiba ya ini lako, nayo imekwisha. Dawa ni sindano."

"Na vidole vitarudi?"

"Pengine. Pengine si vyote."

Aliogopa, tena sana. Lakini mkuu wa shule alipomshauri ahamie ofisini akapokee simu, alijibu, "Simu apokee mwenye masikio. Mimi nina darasa."

Sindano hakukosa hata moja. Kila asubuhi alipapasa kitabu cha watoto wa darasa la kwanza. Ganzi ikageuka kuwasha kama pilipili, naye akashukuru.

Mwezi wa nne wa sindano alisimama mbele ya wanafunzi, kidole kimoja kikitambaa juu ya mstari. Neno la kwanza. La pili. La tatu likamgomea. Akarudi nyuma, akapapasa tena. Binti wa dawati la mbele akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, hapo ni..."

"Nyamaza, mwanangu. Usinitajie. Nalifikia."