Mchanga Mweupe Uwanjani

Likizo hiyo nilikuwa kidato cha pili. Dada yangu mkubwa alishikwa na uchungu wa kuzaa Jumamosi, na Jumapili mchana mtoto alikuwa bado hajatoka. Nesi wa zahanati yetu ya Tseikuru alimwambia mama bila kuzunguka.

"Mimi hapa siwezi. Huyu ni wa kupasuliwa, na kupasuliwa ni Kitui."

Barabara ya Kitui ilikuwa imekatwa na mto uliojaa. Nesi akaita ndege kwa redio. Wakamjibu itakuja kesho asubuhi, kama uwanja uko sawa.

Haukuwa sawa. Mvua ilikuwa imechimba mfereji upande wa kushoto, karibu na mahali ndege hugusa chini. Mama alikuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi, kwa hiyo aliwaita wote na wakaja na majembe na karai. Mwanamke mmoja alitaka tuchimbe kichuguu kilichokuwa hapo kando, tumwage maji na kukanyaga, kama tunavyofanya sakafu za nyumba. Wenzake wakamcheka.

"Wewe, mgeni wa juu umkaribishe na udongo mwekundu? Si atafikiri ni boma la mbuzi!"

"Lete mchanga wa korongoni," mama akasema. "Ule mweupe. Kama wa mlangoni kwa kanisa."

Mimi ni mtu wa kunyamaza, hata darasani najibu nikiangalia dawati. Nilibeba tu. Tukajaza mfereji, tukafagia na matawi, na jioni uwanja ulipendeza kweli. Mama alisimama akauangalia kama mtu aliyetandika kitanda cha mgonjwa.

Asubuhi tulimleta dada juu ya kitanda cha kamba, tukamweka kivulini. Alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliposikia mlio akafungua macho, akaniuliza, "Imefika?"

"Imefika."

Ndege ilishuka vizuri, ikagusa, ikakimbia. Kisha gurudumu la kushoto likaingia kwenye mchanga wetu. Ndege ikavutwa upande huo kama punda aliyeshikwa sikio. Nilikiona kile kipande cha mkia kinachogeuza ndege kikipinda kulia hadi mwisho, lakini ndege haikusikia. Ilizunguka, mkia ukapita mbele, bawa likapiga chini na vumbi likafunika kila kitu. Akina mama waliokuwa wameanza kuimba wakanyamaza katikati ya wimbo.

Rubani, mzungu mzee, alitoka akichechemea. Hakutukana. Alipiga goti, akashika mchanga, ukamwagika katikati ya vidole vyake.

"Nani ameweka hii?"

"Ni sisi," mama akasema. "Tulikutengenezea."

"Mama, mguu mmoja ulikuwa kwa ngumu, mguu mwingine kwa laini. Haiwezi kwenda moja kwa moja." Halafu akamwona dada pale kivulini, akaangalia bawa lililokunjika, akavua kofia.

Msomali mmoja mnunuzi wa ng'ombe, aliyekuwa amekuja kutazama kama wengine, alishusha wanyama wake wote kwenye lori lake bila kuombwa. "Mama, pandisha mtoto. Tukifika mtoni labda maji yamepungua."

Hayakuwa yamepungua. Tulingoja ukingoni, dada kichwa chake mapajani mwa mama, lori likinuka ng'ombe. Mama alimpepea na kitambaa cha kichwa. Aliendelea kumpepea hata baada ya mimi kuona kwamba hakuna haja. Sikujua jinsi ya kumwambia. Mtoto hakuzaliwa.

Wiki ile tuliyozika, nesi alikuja kusema kwamba ndege nyingine itamfuata rubani na kuleta mafundi. Nilidhani mama hatatoka nyumbani. Alichukua jembe kabla hajaambiwa. Mwethya waliukwangua mchanga wote, wakakibomoa kichuguu, wakabeba udongo na maji. Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke wa kichuguu ndiye aliyemwaga maji.

Wengine walipomaliza, mama alibaki akikanyaga ule udongo mwekundu peke yake, akibonyeza kisigino hapa na pale. Nikamwendea.

"Mwaitu, imetosha. Twende."

"Hapa bado," akasema, bila kuinua macho. "Kanyaga na wewe."

Nikavua viatu, nikakanyaga.