Mayai ya Dome kwenye Tishari Lililozama

Kazi niliyoijia Dubai ilikuwa ya kusuuza nguo za kuzamia. Duka letu lilikuwa upande wa Jebel Ali, na kila wateja waliporudi kutoka baharini, mimi ndiye niliyeyatia yale mavazi ya mpira kwenye pipa la maji matamu, nikayageuza, nikayaanika kivulini. Nimezaliwa milimani, kwenye mashamba ya chai. Kuogelea sikujua.

Aliyenifundisha ni mwalimu wetu mkuu wa kuzamia, Mpemba wa miaka hamsini na kitu. Siku ya kwanza nilimwita mzee, kwa heshima ya kwetu. Akakunja uso. "Mzee yuko Pemba, ndiye baba yangu. Mimi niite ami." Basi akawa ami, baba mdogo. Kila Jumatatu, siku ya wateja wachache, alinishusha bwawani: kwanza kuelea, halafu kupumua hewa ya mtungi, halafu kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena bila hofu. Ilichukua karibu miaka miwili mpaka nikapata cheti. Nikimeza maji, alisubiri nimalize kukohoa, akasema, "Haya, mwanangu. Tena."

Ami alikuwa na mahali pake. Nje kidogo ya pwani kuna tishari la chuma lililozama zamani, na kila bahari ya huku inapopoa, dome, wale jamaa wa ngisi wenye mwili mpana, huja kutaga humo. Wateja walitaka kasa na samaki taa wakubwa. Yeye alitaka dome. Miaka yote aliyokaa Dubai hakukosa hata msimu mmoja kwenda kuwatazama.

Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, alipanda kutoka mbizi ya kawaida akiwa anayumba. Alisema ni mafua. Baada ya wiki sikio la kushoto lilikuwa halisikii. Nikaenda naye kliniki, mtaa wa Oud Metha, kwa sababu Kiingereza cha daktari kilikuwa cha haraka na yeye alibaki na sikio moja. Nilikaa upande wake wa kulia. Daktari alieleza, kisha akaniangalia mimi, akingoja.

Nilitafuta maneno. "Ami," nikasema karibu na sikio lake zima, "sikio limeumia kwa ndani. Anasema ukizama tena, hata la pili unaweza kulipoteza. Kuzamia khalas, basi."

"Hata bwawani?"

Nikamuuliza daktari. Akatikisa kichwa. Hilo sikuhitaji kulitafsiri.

Tulikunywa chai ya maziwa kwenye mkahawa wa jirani. Ami alizungusha kikombe mpaka chai ikaota utando. Nilidhani atazungumzia kazi, au wanawe. Akasema, "Na dome ndio wameanza kuja."

"Nitakwenda mimi," nikamwambia. Sikuwa nimefikiria. Mbizi zangu zote za baharini zilikuwa za kiangazi, kwenye maji ya vuguvugu.

Alinitazama. "Maji ni baridi."

"Mimi nimekulia baridi, ami."

Shamal, ule upepo wa kaskazini, ulivuma siku tatu ukakoroga mchanga. Tukangoja. Siku ya nne bahari ilitulia, tukatoka asubuhi: nahodha, dada mmoja wa Kifilipino aliyekuwa mwalimu mwenzake ami, ami mwenyewe na mimi. Ami alinikagua mwenyewe kila mkanda, akaniongezea kipande cha madini ya risasi kiunoni kwa sababu vazi nene la baridi huelea. "Ukitetemeka, panda. Usinionee haya."

Baridi ya kwetu huanzia vidoleni. Ile iliingia kisogoni, ikateremka mgongoni polepole, na kwa pumzi kadhaa kifua kilikataa kufunguka. Nikashika kamba ya nanga, nikangoja. Maji yalikuwa ya kijani, yamejaa vumbi. Mkono wangu niliuona, lakini mapezi ya dada mbele yangu niliyabahatisha tu. Kisha tishari likatokea ghafla, limeota chaza na sifongo, chewa mmoja mnene amelala mlangoni kama mwenye nyumba.

Dome walikuwa wawili, ubavuni. Dume amejitandaza juu ya jike, mistari myeusi na myeupe ikimkimbia mwilini. Jike hakumjali. Aliingiza mikono yake yote kwenye ufa wa chuma, akatulia, akarudi nyuma. Mle ndani likabaki yai jeupe, limening'inia kando ya mengine kama zabibu. Akapumzika. Akarudia. Pembeni palikuwa na kishada cha zamani, mayai yamevimba na kuwa angavu, na nilipoyamulika kwa tochi nikaona ndani ya kila moja dome kama punje ya mchele, ana macho tayari. Mmoja alibadilika rangi. Nikazima tochi kwa aibu, kama niliyefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Nilikaa mpaka meno yakaanza kugongana. Dada akanionyesha kidole gumba: tupande.

Botini ami alinifunga taulo mbili, akanimiminia chai ya tangawizi, na hakuuliza neno mpaka nilipoweza kushika kikombe. Kisha akanielekezea sikio la kulia. "Haya. Anza mlangoni."

Nikamweleza yote. Alinikatiza: "Ufa wa juu au wa chini?" Wa chini. "Na jike, alikuwa mtulivu?" Mtulivu sana. Nilipofika kwa yule mdogo aliyebadilika rangi ndani ya yai, ami alifumba macho, akabaki hivyo, mikono imefungana mapajani. Nikanywa chai kidogo.

"Hawa si wale wa mwaka jana," akasema baadaye. "Dome akishataga hakai, hufa. Hakuna aliyewaonyesha hawa tishari, na bado wamelijua." Akafuta uso kwa ncha ya taulo langu. "Endelea, mwanangu. Usiruke kitu."

Alibaki dukani mwaka mmoja zaidi, akijaza mitungi, kisha akarudi Pemba kwa mkewe. Kila msimu wa baridi namtumia ujumbe wa sauti, nikipaza ili asikie. Msimu uliopita nilikwenda mara mbili nikakuta ufa mtupu, na nikamwambia ukweli. Alinijibu baada ya alasiri, kuku wakilia nyuma yake. "Labda wamechelewa, labda wamehama. Usiende kwa ajili yangu, mwanangu. Nenda kama unapenda."

Nilimsikiliza mara mbili, kisha nikaenda kuuliza kama boti ya kesho ina nafasi.